Rickwood: Uwanja Mkongwe na Matengenezo Yake

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu uwanja wa mchezo ulioko mbali sana na pwani yetu, katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Uwanja ambao haukujengwa kwa ajili ya timu kubwa zenye sifa ya ulimwengu mzima, bali kwa timu ya ligi ndogo, na ambao juu ya unyonge wa daraja lake umeishi kupita viwanja vyote vya besiboli ya malipo katika nchi ile, hata leo ukawa ndio mkongwe wao. Jina lake ni Rickwood. Ulifunguliwa tarehe 18 Agosti mwaka 1910, na mpira ungali ukichezwa pale.

Nimeuchagua kwa sababu kila anayetengeneza jengo la zamani hana budi kuamua ni zama zipi atakazozirudisha na ni zipi atakazoziacha zipotee, na katika Rickwood uamuzi huo ulikuwa mzito kuliko kazi ya waashi na maseremala, kwa kuwa juu ya majukwaa yale yale palikaa furaha na dhuluma, bega kwa bega, kwa muda wa zaidi ya nusu karne. Mimi naamini kwamba paa likirudishwa na dhuluma ikafunikwa, uwanja huwa umetengenezwa nusu. Na nitajaribu kueleza jinsi watu wa Birmingham walivyoikabili nusu ya pili.

Kwa yule asiyeujua mchezo wenyewe, maneno machache yatamtosha. Mrushaji husimama katikati ya uwanja na kuvurumisha mpira mgumu, mdogo, kwa nguvu na hila; mpigaji humngoja na gongo mkononi; akiupiga vizuri hukimbia kupitia vituo vitatu vilivyopangwa pembeni, futi 90 toka kimoja hata kingine, na akirejea salama pale alipoanzia, timu yake huandikiwa alama. Majirani zetu wa Uganda wameushika mchezo huu barabara, kwani mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Marekani kushiriki mashindano ya dunia ya watoto, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko.

Sasa turudi Birmingham. Mji ule si wa kale. Ulianzishwa mwaka 1871, baada ya Wamarekani kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, mahali ambapo mawe ya chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa, yaani vitu vitatu ambavyo tanuri la kuyeyushia chuma haliwezi kwenda bila ya kimojawapo, vilikutwa ardhini vimekaribiana. Na kwa kuwa neema ya namna hiyo ni adimu duniani, mji ulikua upesi mno hata wenyewe wakaupa lakabu ya mji wa ajabu. Waliochimba makaa na kuchochea matanuri, aghalabu katika kazi nzito kuliko zote na kwa ujira mdogo kuliko wote, walikuwa watu weusi, wana na wajukuu wa watumwa, waliotoka mashambani kwenye pamba kutafuta riziki ya mjini. Matajiri wa viwanda walianzisha timu za besiboli za wafanyakazi, nyeupe mbali na nyeusi mbali, na katika timu hizo nyeusi za viwandani walilelewa wachezaji ambao baadaye dunia nzima iliwakubali.

Mmoja wa matajiri wa chuma alikuwa A. H. Woodward, ambaye rafiki zake walimwita Rick, na kutokana na lakabu hiyo na mwanzo wa jina la ukoo wake ndiko lilikopatikana jina la uwanja. Alipoinunua timu ya mji, iliyoitwa Barons, aliazimia kuijengea makao yasiyo na mfano katika ligi ndogo. Zama zile viwanja vya besiboli vilijengwa kwa mbao, na mbao zile, zilizokaushwa na jua na kukaliwa na wavuta sigara maelfu, ziliteketea kwa moto mara kwa mara. Mwaka 1909 miji miwili ya kaskazini, Pittsburgh na Philadelphia, ilikuwa imefungua viwanja vya chuma na saruji, na Woodward akavichukua kuwa kiigizo. Tena akamtaka shauri Connie Mack, mwalimu mashuhuri wa timu ya Philadelphia, juu ya namna ya kuupanga uwanja wake. Hivyo timu ya mji wa matanuri, mji ambao ulikuwa haujatimiza miaka 40, ikapata jukwaa la chuma na saruji ambalo hata timu nyingi za ligi kubwa zilikuwa hazijapata.

Siku ya ufunguzi maduka na ofisi za mji zilifungwa ili watu waende mchezoni, na zaidi ya watu 10,000 walihudhuria. Woodward mwenyewe alivaa sare ya mchezaji akarusha mpira wa kwanza, na timu yake ikawashinda wageni wa Montgomery kwa alama 3 kwa 2. Miaka iliyofuata iliongeza kila mmoja sehemu yake. Mwaka 1928 lilijengwa lango la mbele kwa mtindo wa makanisa ya Wahispania wa kale, na ukuta wa saruji ukazungushwa nyuma ya uwanja. Mwaka 1936 ikasimamishwa minara ya taa ili mchezo uweze kuendelea usiku. Minara ile ya chuma ingalipo. Imekita juu ya paa la jukwaa na kuinamia mbele kuelekea majanini, na mtu akiitazama kwa upande huona namna vyuma vyake vilivyopishana na kushikana, kazi ya mafundi wa mji uliojua chuma kuliko ulivyojua kitu kingine chochote.

Ukuta ule wa saruji pia ungalipo, na una habari yake. Baadaye waliokuwa wakiuendesha uwanja waliona kwamba masafa toka kwa mpigaji hata ukutani ni marefu mno, wakajenga uzio wa mbao ndani yake. Hivyo leo anayepita nyuma ya uzio hujikuta katika uchochoro wa nyasi kati ya mbao na saruji, na mbele yake ukutani ataiona alama ya msalaba, iliyotiwa mahali ambapo yasemwa ulifika mpira uliopigwa na Walt Dropo mwaka 1948. Ukisimama pale na kugeuka kutazama mahali pa mpigaji, masafa yale humwelewesha hata asiyejua sheria za mchezo kwa nini watu wamelisimulia pigo lile kwa miaka zaidi ya 70.

Katika historia ya timu nyeupe ya Barons liko pambano moja ambalo wazee wa Birmingham hawakuacha kulisimulia. Mwaka 1931 walikutana na timu ya Houston kugombea ubingwa wa kusini, na Houston walikuwa na mrushaji kijana wa miaka 21 aitwaye Dizzy Dean, mwenye kipaji kikubwa na maneno mengi, ambaye alitangaza ushindi kabla ya kucheza. Birmingham wakamweka mbele yake Ray Caldwell, mtu wa miaka 43, umri ambao warushaji wengi huwa wamekwisha kustaafu. Zaidi ya watu 20,000 walisongamana katika uwanja usiowatosha, na mzee akamshinda kijana kwa alama 1 kwa bila. Dean alikwenda kuwa nyota mkubwa wa St. Louis, Caldwell alibaki na siku ile moja, na kwa mji wake ilitosha.

Walakini fahari kubwa ya Rickwood, kwa hukumu yangu, haiko kwa Barons weupe. Iko kwa Black Barons, timu ya watu weusi iliyoundwa mwaka 1920, ambayo ilikodishwa uwanja katika siku ambazo wenye uwanja walikuwa safarini. Sheria na desturi za Alabama zilitenga kila kitu: shule, hospitali, mabasi, hata bomba la maji ya kunywa. Sheria ya mji wa Birmingham ilikwenda mbali zaidi ya hapo, kwani ilimharimisha mtu mweusi na mtu mweupe kucheza pamoja, na katika michezo iliyotajwa kwa majina ilikuwamo besiboli, na karata, na dama, na dhumna. Watunga sheria waliketi wakafikiri, wakaona hatari katika watu wawili kukaa kivulini wakisukuma kete. Barons walipocheza, watazamaji weusi walipelekwa katika jukwaa lao la pekee, upande wa kulia, mbali na kivuli cha paa. Black Barons walipocheza, mambo yalipinduliwa, watu weusi wakakaa chini ya paa, na weupe waliokuja kutazama, maana walikuja, wakatengewa sehemu yao.

Siku kuu ya Black Barons ilikuwa Jumapili. Watu walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja uwanjani na nguo zao za ibada, wanaume kwa suti na wanawake kwa kofia zao kubwa, na kwa saa chache mchimba makaa ambaye toka Jumatatu hata Jumamosi aliamrishwa kama mtoto, alikaa chini ya paa la tajiri na kuwatazama watu wa damu yake wakifanya jambo gumu kwa uzuri usio na kifani. Satchel Paige, mrushaji ambaye wajuzi wengi humhesabu miongoni mwa wakubwa wa nyakati zote, alikuwa mchezaji wao toka 1927 hata 1930. Katika miaka ya 1940 walitwaa ubingwa wa ligi yao mara tatu, mwaka 1943, 1944 na 1948.

Mwaka ule wa 1948 mwalimu wao alikuwa Lorenzo Davis, aliyeitwa Piper. Davis aliwahi kucheza katika timu za viwanda pamoja na mwanamume mmoja aliyekuwa na kijana mwepesi wa miguu na mwenye mkono wa ajabu. Kijana huyo, Willie Mays, alikuwa angali shule ya sekondari. Davis akamwingiza katika timu, ila ikakubaliwa kwamba masomo yasiharibike, naye akacheza zaidi siku za mapumziko mpaka shule ilipofungwa. Mwisho wa msimu Black Barons walikutana na Homestead Grays katika fainali kuu ya ligi za watu weusi, ambayo ilikuwa ya mwisho kufanyika. Walishindwa, michezo minne kwa mmoja. Ule mmoja walioshinda ulichezwa Rickwood: mrushaji alikuwa Bill Greason, askari wa majini aliyerudi hai kutoka vitani katika kisiwa cha Iwo Jima, na pigo lililoleta alama ya ushindi katika zamu ya mwisho lilikuwa la Mays, mtoto wa miaka 17. Nitawarejea wawili hawa baadaye.

Kwa nini fainali ile ilikuwa ya mwisho? Kwa sababu mwaka uliotangulia Jackie Robinson, mchezaji mweusi, alikuwa amefunguliwa mlango wa ligi kubwa, uliokuwa umefungwa kwa watu weusi, na wachezaji bora weusi wakaanza kumfuata mmoja mmoja, Mays naye akijiunga na New York Giants mwaka 1951. Haki ilikuwa imecheleweshwa mno, na ilipofika iliwaondolea Black Barons na wenzao wachezaji wao na watazamaji wao, aghalabu bila fidia ya kutosha. Timu ile ilidhoofika mwaka hata mwaka, ikatoweka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Naisema habari hii kwa uchungu, kwa kuwa walioifanya besiboli nyeusi iwe kitu cha kutamanika, wenye timu, waalimu, waandishi wa magazeti yao, madereva wa mabasi yaliyokesha njiani kwa kukosa hoteli ya kuwapokea, aghalabu hawakupata sehemu katika karamu waliyoiandaa.

Na hapa mimi msemaji wa redio sina budi kutua, kwa sababu linalofuata linatuhusu sisi wa kazi hii. Katika miaka ya 1930 sauti iliyopendwa kuliko zote mjini Birmingham ilikuwa ya mtangazaji wa michezo ya Barons, Eugene Connor, ambaye watu walimwita Bull. Timu ilipocheza ugenini, redio haikuwa na uwezo wa kumpeleka mtangazaji huko. Habari zililetwa kwa telegrafu, maneno machache makavu, naye akiwa ameketi studioni aliyavika nyama na ngozi, akawapa wasikilizaji mchezo mzima kana kwamba anauona. Ni ustadi mkubwa, na anayeijua kazi hii hawezi kuudharau. Kwa mapenzi waliyompa wasikilizaji, Connor alichaguliwa katika baraza la kutunga sheria la Alabama mwaka 1934, na toka 1937 akawa mkuu wa polisi na zimamoto wa mji. Ndiye yule ambaye mwezi Mei 1963 aliamuru mbwa na mabomba ya maji yenye nguvu ya kung'oa magome ya miti yaelekezwe kwa watoto wa shule waliokuwa wakiandamana kudai haki zao, na picha za siku zile zikaifedhehesha nchi yake mbele ya walimwengu. Imani ambayo msikilizaji huiweka katika sauti asiyoiona sura yake ni amana. Connor aliipokea amana hiyo kutoka Rickwood, akaitumia kuwatenga na kuwapiga watoto wa watu waliokaa katika jukwaa la jua la uwanja ule ule.

Sheria ya utengano ilikuwa na ukaidi wa kushangaza. Mwanzoni mwa mwaka 1954 halmashauri ya mji iliilegeza ili michezo ichanganyike, na katika majira ya kuchipua timu zenye wachezaji wa rangi zote zikacheza michezo ya kirafiki Rickwood. Wala mbingu haikuanguka. Lakini mwezi Juni, majuma mawili tu baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kutoa hukumu dhidi ya utengano mashuleni, wapiga kura wa Birmingham waliirudisha sheria ile kwa wingi mkubwa wa kura. Ligi ya kusini waliyoichezea Barons nayo ilikataa kuwapokea wachezaji weusi, na timu za ligi kubwa zilizokuwa zikiilea hazikutaka tena kupeleka vijana wao mahali ambapo baadhi yao hawaruhusiwi. Mwisho wake, baada ya msimu wa 1961, ligi ile ikavunjika. Rickwood ikakaa bila timu. Walipendelea uwanja uwe mtupu kuliko uwe wa wote.

Mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya mbwa wa Connor, Barons walirudi, na safari hii kikosi chao kilikuwa na weusi na weupe. Mwaka 1967, timu ya mji ikiwa imebadilishwa jina na kuitwa A's, alikuwamo kijana aitwaye Reggie Jackson, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa ligi kubwa. Sheria ilikuwa imebadilika, nyoyo zilikuwa bado: kulikuwa na migahawa isiyomtaka na nyumba za kupanga zisizomtaka, na aliyemstiri ni mwalimu wake John McNamara na wenzake kama Joe Rudi, ambaye pamoja na mkewe walimpa mahali pa kulala nyumbani kwao. Habari hizi Jackson amezisimulia mwenyewe, na nitaeleza ni lini na ni wapi.

Ukongwe wa Rickwood ulikaribia kuuangamiza. Mwaka 1987 Barons walitwaa ubingwa wa ligi yao, kisha wakahama kwenda uwanja mpya katika mji wa jirani wa Hoover, wenye maegesho mapana ya magari na viti vizuri. Mara nyingi katika Marekani uwanja ulioachwa hubomolewa haraka, ardhi ikauzwa. Rickwood ulisalimika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mitaa inayouzunguka ilikuwa imekuwa maskini, na hakuna tajiri aliyeitolea macho ardhi ile. Ya pili ni kwamba mwaka 1992 watu kadhaa wa mji waliunda chama cha marafiki wa Rickwood, wakachukua jukumu la kuuhifadhi, wakiomba fedha huku na huku, wakirekebisha paa, wakipaka rangi nguzo na kufukuza kutu. Mwaka uliofuata uliingizwa katika daftari la taifa la mahali pa historia. Toka mwaka 1996 Barons wakawa wanarudi karibu kila mwaka kwa mchezo mmoja, wakivaa sare za zama za kale.

Wapiga filamu nao waliugundua. Filamu juu ya maisha ya Ty Cobb, mchezaji mashuhuri wa zamani, iliyotolewa mwaka 1994, ilihitaji uwanja wenye sura ya zamani, na kwa ajili yake ukajengwa upya ubao wa matokeo ule wa kubadilishwa namba kwa mkono, mfano wa uliokuwapo zamani, pamoja na matangazo ya biashara ya kuchorwa juu ya uzio. Filamu ilikwisha, ubao ukabaki. Wageni wengi husimama mbele yake kwa taadhima wakidhani ni mabaki ya mwaka 1940 na kitu. Mimi sioni ubaya kuujenga upya ubao uliopotea, maadamu mgeni anaambiwa kwamba ni mfano. Kwa kuwa katika kuhifadhi mambo ya kale, kosa halimo katika kuunga kilichovunjika, limo katika kuficha mahali kilipoungwa.

Ukarabati mkubwa kuliko wote ulikuja juzi tu. Wakuu wa ligi kubwa walitangaza kwamba mwezi Juni 2024 timu mbili zao, San Francisco Giants na St. Louis Cardinals, zingecheza Rickwood mchezo rasmi wa msimu, wa kwanza wa ligi kubwa katika jimbo la Alabama, kwa heshima ya ligi za watu weusi na ya Willie Mays. Uwanja wa 1910 haukukidhi masharti ya wachezaji wa leo, ambao miguu yao ina bima kubwa kuliko thamani ya majukwaa yote. Kwa hiyo eneo lote la mchezo lilichimbuliwa, udongo wa zamani ukaondolewa, mifereji ya kupitisha maji ikalazwa chini, ukamwagwa udongo mpya na kutandazwa nyasi mpya zilizosawazishwa kwa vipimo; vibanda vya kukalia wachezaji vikapanuliwa, nyuzio zikawekewa magodoro ili anayekimbilia mpira asivunjike mbavu, na nyavu zikatundikwa kuwalinda watazamaji.

Wakosoaji walikuwapo, na hoja yao si ya kutupwa: kwamba ni kuutoa moyo wa uwanja kuondoa udongo ule ule waliokanyaga Paige na Mays, kwa ajili ya mchezo wa usiku mmoja. Nimeifikiri hoja hiyo kwa muda mrefu, nami naona kwamba nyasi na udongo wa uwanja wa mpira tangu zamani hubadilishwa, kama makuti ya nyumba yabadilishwavyo ilhali nguzo ni zile zile. Majukwaa, paa, minara, ukuta wa saruji na lango la Kihispania vyote viliachwa mahali pake. Uwanja ambao hauchezeki huwa ni kaburi zuri, na Woodward hakujenga kaburi.

Tarehe 18 Juni 2024, siku mbili kabla ya mchezo mkuu, Barons walikuwa wakicheza Rickwood na Montgomery, mji ule ule uliokuwa mgeni siku ya ufunguzi miaka 114 nyuma, ndipo ikaja habari kwamba Willie Mays amefariki dunia huko California, naye ana miaka 93. Mchezo ulisimama. Watazamaji waliinuka wakamshangilia mtu ambaye alikuwa ameanza kazi yake pale pale.

Siku ya tarehe 20 mrushaji wa heshima alikuwa Bill Greason. Yule askari wa Iwo Jima aliyeshinda mchezo wa 1948 alikuwa baada ya besiboli amekuwa mchungaji wa kanisa mjini Birmingham kwa miaka mingi, na sasa, mwenye umri wa miaka 99, alisimama mbele ya umati akarusha mpira. Waamuzi wote wa mchezo ule walikuwa weusi, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea katika ligi kubwa. Cardinals walishinda kwa alama 6 kwa 5, na nadhani ni wachache watakaoyakumbuka matokeo.

Watakachokikumbuka ni maneno ya Reggie Jackson. Kabla ya mchezo, katika matangazo ya televisheni yaliyokwenda nchi nzima, aliulizwa anajisikiaje kurudi Rickwood, swali ambalo kwa kawaida hujibiwa kwa tabasamu na shukrani. Hakutabasamu. Alieleza kwamba kurudi pale si jambo jepesi, akasimulia migahawa iliyomfukuza, hoteli zilizomkataa, vitisho walivyopewa waliomhifadhi, tena akatumia neno lile lile la matusi aliloitwa, akasema kwamba asingemtakia mtu yeyote mwingine kuyapitia yale. Hakuna aliyemkatiza. Tangu ukarabati ulipoanza pale Rickwood, hakuna kazi iliyofanywa vizuri kuliko ile ya kumpa mzee wa miaka 78 kipaza sauti na kumwacha aseme, kwani sherehe nzima ilikuwa imeelekea kuwa furaha tupu, na furaha tupu ingalikuwa uongo.

Na daftari za mchezo zenyewe nazo zilitengenezwa. Mwezi uliotangulia, wakuu wa ligi kubwa walikuwa wametangaza kuziingiza takwimu za ligi za watu weusi katika hesabu rasmi, na Mays, aliyehesabiwa mapigo 3,283, akaongezewa 10 aliyoyapiga mwaka 1948 akiwa na Black Barons, yakawa 3,293. Ilichukua miaka 76 kuyahesabu mapigo 10.

Wageni wamekwisha kuondoka na kamera zao. Wanafunzi wa Chuo cha Miles, chuo cha kihistoria cha watu weusi kilichoko karibu na mji ule, huufanya Rickwood uwanja wao wa nyumbani, na shule za sekondari hucheza pale pia. Mwenye uwanja ni mji wa Birmingham, na chuma cha miaka zaidi ya 110, katika nchi yenye mvua na joto kama Alabama, hakingoji sherehe ndipo kishike kutu. Kwa hiyo nawaombea wakuu wa mji ule watenge kila mwaka fungu la kuitunza minara na paa, hata katika miaka ambayo hakuna timu kubwa inayokuja. Tena ningependa pale langoni, mgeni anapoelezwa habari za Woodward na Connie Mack, aelezwe pia lilikuwa wapi jukwaa la jua, na nani walilazimishwa kukaa hapo, na kwa amri ya nani.